Mlango Wenye Mawimbi

Katika mtaa wa maseremala wananiita Msasa. Wageni hudhani ni kwa sababu ya kazi yangu, lakini kila anayepaka vanishi anapiga msasa na hakuna mwingine aliyepewa jina hilo. Nimepewa kwa ajili ya mdomo. Nilianza kupaka fanicha za watu kabla sijaolewa, nikaolewa huku napaka, nikafiwa na mume huku napaka, na miaka yote hiyo sijawahi kumsifia seremala kazi mbovu ili tu alale vizuri. Wapo walionipenda kwa hilo. Wengine wakiniona natokea kona ya mtaa walikuwa wanageuza kabati upande wenye kasoro uelekee ukutani, na mimi nikifika naligeuza tena.

Siku hizi nimestaafu, ikiwa mtu wa vanishi anaweza kustaafu. Kwa kweli yaliyostaafu ni magoti, mikono bado ipo.

Mtoto ninaye mmoja tu, wa kiume, dereva wa magari makubwa ya mizigo, nyumbani kwake anapita kama mtu anayekuja kuchukua koti alilosahau. Alipojenga nyumba, mkewe ndiye aliyesimama juani na mafundi. Huyu mkwe wangu ni mwalimu wa chekechea. Ni mpole, anaongea taratibu hata akiudhika, na hilo lilinipa taabu tangu mwanzo, maana mtu asiyepandisha sauti mimi sijui nimshike wapi. Mama yake alifariki yeye akiwa hajui hata kufunga viatu. Akalelewa kwa shangazi, akahamishiwa kwa mjomba, akarudishwa kwa shangazi. Siku ya kwanza aliponiita mama alinitazama usoni kidogo, kana kwamba anaangalia kama neno limekubaliwa.

Na mimi sijazaa binti. Nalisema hili mapema kwa sababu ndiyo shida yenyewe. Nyumba ile ilipoanza kupanda, nilichokitaka ndani yake ni nafasi jikoni. Chumba cha wageni chenye shuka zilizonyooka sikukihitaji. Nilitaka niingie kwa mlango wa nyuma, nivue viatu, nichukue kisu nianze kumenya vitunguu bila mtu kuniuliza kama nahitaji kitu. Mwanamke akikuachia jiko lake namna hiyo, basi wewe ni mtu wake.

Sasa siku moja akaja kwangu na begi lake la shule, akakaa kwenye kigoda changu cha jikoni.

"Mama, fundi amemaliza makasha ya makabati. Imebaki milango. Nataka tutafute mitupu, mbao tupu ambayo haijaguswa na vanishi wala rangi, halafu tupake wenyewe, mimi na wewe. Unifundishe."

Nikacheka. "Wewe, na vidole hivyo vya chaki?"

"Chaki inaoshwa, mama."

Angalieni alichoniambia. Alisema mimi na wewe. Alisema unifundishe. Mtu mwenye akili zake angesikia hapo kwamba anaitwa jikoni kwa jina. Mimi nilichokisikia ni milango mitupu, na nikafunga kitambaa kichwani nikijua kwamba sasa nitawaonyesha watu kazi.

Tulianzia kwa seremala tunayemwita Kinyozi, kwa sababu randa yake ikishaanza kunyoa mbao haijui pa kukomea. Aliponiona akaweka nyundo chini.

"Msasa, si tuliambiwa umestaafu?"

"Nimestaafu kazi. Macho bado nayatumia."

Alikuwa na milango imeegemezwa ukutani, imepangika vizuri, na mkwe wangu akaipenda palepale. Akaipitishia kiganja. Mimi nikatoa kitambaa changu, nikakichovya kwenye ndoo ya maji, nikakikamua, nikaufuta mlango wa kwanza kutoka juu hadi chini. Hivi ndivyo tunavyopima mbao tupu. Ikiwa kavu haisemi kitu, lakini ukiilowesha kidogo inageuka rangi, na papo hapo unaona itakavyokuwa ukiipaka vanishi. Mahali gundi ilipochuruzika panabaki peupe. Mkwaruzo uliofichwa kwa vumbi la mbao unatokeza. Kwenye mlango wa Kinyozi pembe zote zikatoka na madoa meupe ya gundi.

"Haya, mwangalie huyu," nikasema. "Ameunga mlango au ameulisha uji?"

Kinyozi alicheka, amenizoea. Mkwe wangu akasema taratibu, "Lakini mama, si tunaweza kuyakwangua hayo?"

"Mwanangu, hatuanzi jiko jipya kwa kukwangua makosa ya mtu mwingine."

Tukaondoka. Na safari zikawa hizo. Kulikuwa na duka kubwa lenye milango ya kiwandani iliyopangwa kwenye rafu, muuzaji akaapa ni mbao kamili, nikageuza mmoja nikamwonyesha ukingoni jinsi mbao ilivyobandikwa nyembamba juu ya vumbi lililogandishwa. Kulikuwa na mzee nje kidogo ya mji, kazi yake safi hata mimi nikanyamaza, ila mbao yenyewe ilikuwa haijakauka, ukiinua mlango unausikia mzito na unanuka maji. Ningeuchukua ule, ungejipinda hata kabla ya bawaba kuzoea. Kwingine macho ya mbao yalikuwa mengi, kwingine nyuzi za mbao zilikimbia upande huu kwenye mlango mmoja na upande ule kwenye mwingine. Kila mahali mkwe wangu alikuwa anaona mmoja wa kumfaa, na kila mahali kitambaa changu kinamkatalia.

Alikuwa anaomba ruhusa shuleni ili tuzunguke. Anabeba chupa ya chai na mikate ndani ya begi, tukichoka tunakaa juu ya rundo la mbao kwenye karakana ya mtu, na yeye anauliza. Kwa nini brashi iende na nyuzi za mbao? Kwa nini mkono wa kwanza wa vanishi uwe mwepesi? Nikamwambia: upake, usonge mbele, wala usirudi nyuma. Ukirudisha brashi mahali vanishi ilipoanza kukauka, unaacha mistari, na sisi mistari hiyo tunaiita mawimbi. Yeye anatikisa kichwa, anarudia maneno yangu kimyakimya kwa midomo. Nilikuwa najiona mwalimu. Sikujua kwamba pale juu ya mbao za watu, na chupa ile ya chai katikati yetu, nilikuwa tayari nimeshapewa nilichokuwa nakitaka, na kwamba sikuhitaji mlango wowote.

Huku nyuma jiko lake lilikuwa limeachama. Makasha wazi, sufuria zinakula vumbi, amebana vitambaa kwa pini ili walau vikombe visitirike. Mwanangu akanipigia simu kutoka safarini.

"Mama, hiyo milango mnaifuata wapi? Mbona tunaishi kama sokoni?"

"Baba, kitu kizuri kinatafutwa," nikamjibu, nikajiona nimesema neno.

Mwishowe mkwe wangu akaacha kunipigia. Nikadhani ni mitihani ya shule, ingawa watoto wa chekechea wana mitihani gani, sijui. Kisha akapiga, sauti imechangamka. "Mama, njoo Jumamosi. Nimepata milango."

Nilikwenda na kitambaa changu mkobani.

Milango ilikuwa imepangwa kwenye baraza la nyuma, imefunikwa kwa shuka. Alikuwepo mwalimu mwenzake, na yule fundi aliyetengeneza makasha, ambaye kumbe ndiye aliyemuuzia. Mkwe wangu akavuta shuka. Yote ilikuwa mitupu, isipokuwa mmoja wa mbele ambao ulikuwa umepakwa vanishi. Yeye akasimama pembeni anatabasamu, mikono ameiweka nyuma.

"Mama, unauonaje huo?"

Nami nikadhani muuzaji ameupaka mmoja kuwavutia wateja. Wanafanya hivyo, nimewaona mara nyingi. Na palikuwa na watu, jamani. Mimi nikiwa na watu wa kunisikiliza sijui kukaa kimya, sijawahi kujua.

Nikausogeza kwenye mwanga. "Nani kapaka huu?" Sikungoja jibu, nikaendelea. "Huyu mtu brashi kaishika leo. Oneni hapa katikati, mawimbi matupu. Kapaka, kaogopa, karudi, kaogopa tena. Na hapa kaacha vumbi limegandia ndani. Mtu kama huyu unampaje mbao? Mpe ukuta wa choo akajifunzie huko."

Yule mwalimu akacheka, kicheko kile cha mtu asiyejua afanye nini. Fundi akawa anaangalia viatu vyake. Na mimi nikacheka, kwa kuwa nilijifurahisha.

Mkwe wangu akainama kuokota shuka ili aifunike milango, na hapo ndipo mikono yake ilipotoka nyuma. Kucha zake zilikuwa za kahawia. Vanishi ilikuwa imemganda kuzunguka kila kucha, mpaka kwenye mikunjo ya vidole. Vanishi haitoki kwa sabuni, inataka thina, na thina hakuna aliyemwambia. Ningemwambia mimi, lingekuwa somo letu la mwisho.

Neno la kusema nilikuwa nalo, ni fupi, kila mtu analijua. Nilitakiwa kusema nisamehe, mwanangu, pale pale, mbele ya wale wale. Badala yake mdomo wangu, ambao haujawahi kukosa la kusema, ukatoa hivi: "Ah. Kwa mtu anayeanza, si mbaya sana."

"Asante, mama," akasema. "Twende ndani, chai iko tayari."

Chai ilikuwa imeandaliwa sebuleni.

Haukupita muda mwanangu akaniambia jiko limekwisha. Nikaenda kuliona. Milango ilikuwa myeupe, ya kiwandani, inang'aa kama sahani, haina uzi wa mbao wala jicho. "Mke wangu kaamua hiyo," mwanangu akasema, "anasema ni rahisi kusafisha." Nikamtazama usoni nione kama anajua. Hakuwa anajua chochote. Mkewe hakumwambia hata neno moja, na mimi nikashindwa kumwambia.

Tangu siku hiyo nikienda kwao napokelewa vizuri kupita kiasi. "Kaa tu, mama, utachoka." "Niachie hicho kikombe, mama." Nikijifanya napeleka sahani jikoni, ananipokea mlangoni, kwa mikono miwili, kwa adabu, na sahani inaingia mimi nikibaki nje. Kama angenitukana ningejua cha kufanya. Ningemjibu, angenijibu, tungelia, tungemaliza. Lakini huwezi kugombana na mtu anayekuuliza kama sukari imekutosha.

Siku moja nikamuuliza ile milango aliipeleka wapi. "Nilimrudishia fundi, mama." Akabadilisha mazungumzo.

Kesho yake nilikuwa kwa fundi. Mitupu yote alishaiuza. Umebaki ule uliopakwa, ameulaza juu ya matofali anauwekea makopo yake ya gundi.

"Huo nitaukwangua nikipata nafasi," akasema. "Nani atanunua vile?"

"Usiukwangue. Nipe."

Aliniangalia, na nadhani alielewa, maana yeye alikuwepo siku ile. Akayaondoa makopo, akafuta alama yalizoacha, akaufunga kwa kamba, nikaubeba mwenyewe hadi nyumbani.

Nia yangu ilikuwa kuurekebisha. Ningeukwangua kwa thina, nipige msasa, niupake upya, nimpelekee ukiwa safi niseme haya, tuanze hapa. Nikaulaza kwenye meza ya kazi, nikawasha taa, nikapitisha kiganja. Na kwa sababu hapakuwa na mtu wa kunisikiliza, kwa mara ya kwanza nikauangalia. Ameanzia kona ya juu. Mkono wa kwanza mwepesi, kama nilivyomwambia. Brashi imekwenda na nyuzi, kama nilivyomwambia. Katikati ndipo alipoogopa akarudi, mawimbi yale yakatokea, na vumbi likaingia. Lakini hakuacha. Ameshuka, mawimbi yanapungua, yanapungua, na chini kabisa, upana wa kiganja changu, hakuna hata moja. Vanishi imelala sawasawa. Alipofika chini alikuwa ameshajua.

Na mimi siku ile sikuangalia chini. Mimi, Msasa, ninayegeuza makabati ya watu niangalie mgongoni, niliishia katikati.

Sikuukwangua. Niliupachika kwenye kabati langu la jikoni, lile la majani ya chai na sukari, kwa bawaba mpya, mawimbi na yote. Nikasema akija ataingia jikoni kwangu, ataufungua mwenyewe akitafuta sukari, atauona, na sitahitaji hotuba.

Mwanangu aliporudi safarini wakaja wote wawili. Mkwe wangu akakaa sebuleni, ukingoni mwa kiti, mkoba mapajani. Nikaweka maji jikoni, nikasubiri kidogo, nikaita.

"Mwanangu, hebu njoo unishikie vikombe."

Nikamsikia anamwambia mumewe, polepole, "Nenda kamsaidie mama."

Akaja mwanangu. Sauti yake kairithi kwangu, ikitoka inafika nyumba ya jirani. Akafungua kabati kutafuta sukari, akaufunga mlango, akaurudia tena.

"Mama, nani kapaka huu? Mbona una mistari mistari? Wewe, Msasa mzima, umekubali hii jikoni kwako?"

Nikasikia kifungo cha mkoba kinafungwa kule sebuleni.

"Huo kaupaka mtu ninayempenda," nikasema, na safari hii nilitaka nisikike. "Inama uangalie chini. Pale chini hakuna hata wimbi moja. Pale hata mimi nisingepaka vizuri kuliko yeye. Mimi ndiye sikuangalia."

Mwanangu akachuchumaa. "Ni kweli, chini ni safi kabisa." Bado hakujua tunazungumza nini.

Mkwe wangu akatokea mlangoni mwa jiko. Alisimama pale palipoishia zulia la sebule, hakuvuka. Akautazama mlango muda mrefu, bawaba, kona ya juu, katikati.

"Nilidhani fundi aliukwangua," akasema.

"Nilimkataza. Mwanangu, nisamehe. Siku ile..."

"Ulisema kweli, mama." Hakuwa na hasira. Alikuwa anaongea kama anavyoongea siku zote, taratibu, na ndiyo maana nilishindwa kushika popote. "Una mawimbi kweli. Sikuwa nayaona mpaka uliponionyesha."

"Angalia chini," nikamwambia.

"Nimeona." Akatabasamu, lile tabasamu la sahani na vikombe. "Chai isipoe, mama." Akageuka, nikamsikia anakaa tena kwenye kile kiti.

Nilimimina vikombe vitatu. Mwanangu akanyoosha mkono achukue sinia, nikamwambia aache. Nililibeba mwenyewe mpaka sebuleni, nikainama, nikawakaribisha wageni wangu.